Safari za Kliniki na Wifi Yangu

Uvimbe ule aliuona kwanza marehemu mume wangu, jioni moja ya Jumamosi pale ufukweni Katonga, Kigoma. Mimi nikamwambia aache kunitazama mgongo kama daktari.

Siku hizo tulikuwa bado na umri wa kuogelea bila kuona haya. Yeye alikuwa fundi wa mashine za boti Kibirizi, mimi nikiuza vitenge soko la Mwanga. Jumamosi, kazi zikiisha mapema, tulikuwa tunashuka Katonga na kipande cha sabuni na taulo moja la watu wawili. Maji ya Tanganyika wakati wa jioni huwa na uvuguvugu kama yaliyoandaliwa kwa ajili ya kumwogesha mtoto. Mvua ikiwa imenyesha mchana, milima ya Kongo ilionekana karibu kabisa, mtu akadhani akipaza sauti atajibiwa. Tukitoka majini alikuwa ananipaka mafuta ya mise mgongoni. Mafuta yale dada yake aliyakamua mwenyewe kutoka kwenye kokwa za michikichi huko kwao Mwandiga na kumletea kwenye chupa ya soda. Aliyaleta kwa kaka yake, siyo kwangu, na hilo alikuwa akilisema wazi kila alipokabidhi chupa.

"Hapa pana kitu," mume wangu alisema siku hiyo, kidole chake kikiwa nyuma ya bega langu la kulia. "Kigumu."

Nilimwambia ni mizigo. Vitenge vilikuwa vinakuja kwa boti kutoka ng'ambo, na nilizoea kuyabeba marobota kwa bega lilelile kutoka bandarini hadi kwenye gari. Aliridhika, au alijifanya ameridhika. Kwa muda alikuwa akinipaka mafuta anapabonyeza kidogo, kisha anaendelea. Baadaye watoto wa jirani walijaa ule ufuo, nasi tukaanza kuona uvivu wa kushuka, na hatimaye hatukushuka tena. Uvimbe ukakaa kimya kama harage lililosahauliwa mfukoni.

Mume wangu alifariki uvimbe ukiwa bado umelala. Shinikizo la damu lilimwangusha karakana, akiwa ameshika spana, na hakufika hospitali akiwa hai. Sisemi mengi juu ya siku zile. Ninachotakiwa kueleza ni kilichotokea kati yangu na wifi yangu, kwa sababu bila hicho yaliyofuata hayaeleweki.

Mume wangu alizaliwa katika familia ya Kikristo ya Waha wa Mwandiga, wakulima wa michikichi na muhogo. Mimi ni mtoto wa Ujiji, Mwislamu, mjukuu wa watu waliovuka ziwa zamani. Alipotaka kunioa alisilimu, na alifanya hivyo kwa hiari yake. Wazazi wake walinung'unika kidogo wakanyamaza. Dada yake hakunyamaza. Alikuja harusini akakaa mlangoni, na kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kula chakula nilichopika. Alikuwa anakuja, anamwona kaka yake, anakunywa maji, anaondoka. Mume wangu alipofariki, dada yake alitaka azikwe shambani kwao, kando ya baba na mama yao. Wazee wa upande wangu walisema marehemu ni Mwislamu na atazikwa na Waislamu wenzake Ujiji. Ikawa hivyo. Wifi yangu aliondoka msibani siku hiyohiyo kabla ya maziko, akitembea kwa miguu kuelekea barabara kuu, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena kwangu.

Baada ya hapo uvimbe ndio ukaamka. Ulikuwa mgumu zaidi, ukapata rangi ya zambarau, na mkanda wa sidiria ulikuwa unausugua mpaka napaona moto. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, wakati huo alikuwa akiishi Dar es Salaam na mumewe. Siku moja tulikuwa tunaongea kwa simu ya video, nikainama kuokota kitu, akaona. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu nifunge duka na nipande treni.

Dar es Salaam walikata kipande kidogo cha nyama wakakipima, kisha wakanifanyia upasuaji. Daktari aliyenipasua alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kawaida ya kukaa kitini kabla ya kusema neno zito. Alikaa, akanieleza kwamba ilikuwa saratani ya ngozi ya aina ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiona mara chache sana katika kazi yake. Chini ya ngozi ina mizizi myembamba isiyoonekana kwa macho.

"Kwa kawaida haisafiri mbali, mama," alisema. "Lakini ina tabia ya kurudi palepale. Kwa hiyo mimi na wewe bado hatujaachana."

Akanitaka nirudi kliniki kila baada ya miezi sita, kwa miaka kadhaa, na kila mwezi nyumbani mtu anitazame kovu na kulipapasa, maana mimi mwenyewe nisingeweza kuliona. Nilipomwambia mume wangu amefariki, akasema basi hata jirani.

Mara ya kwanza nilirudi kwake kama alivyosema, akanitazama, akafurahi, nami nikapanda treni kurejea Kigoma nikiwa na amani. Naikumbuka safari ile. Asubuhi tuliamka tukiwa tumepita Kaliua, binti mmoja kwenye behewa letu akinunua asali dirishani, na mimi nikawaza kwamba mambo yamekwisha. Mara ya pili yakaharibika. Mkwe wangu alikuwa amehamishiwa Mtwara kikazi, binti yangu ameondoka naye, kwa hiyo Dar es Salaam sikuwa tena na pa kufikia. Nilipopiga simu kliniki, nikaambiwa daktari wangu amekwenda masomoni ng'ambo na hawajui lini atarudi. Sauti iliyonijibu ilikuwa ya upole, lakini ilikuwa ya mtu asiyenijua.

Nikaamua nitahudhuria hapahapa Kigoma. Daktari niliyekutana naye hospitali alikuwa kijana, ndiyo kwanza amepangiwa huku akitokea Iringa, bado anauliza watu dagaa wazuri wanapatikana wapi. Alisoma karatasi zangu zote bila haraka. Kisha akaniambia ukweli, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Mama, ugonjwa huu nimeusoma darasani tu, sijawahi kuuona kwa mgonjwa. Nikikwambia uko salama, nitakuwa nabahatisha."

Akaniandikia rufaa ya Mwanza, kwa daktari bingwa. Niliipokea, nikamshukuru, nikaenda nyumbani Buzebazeba nikaiweka kabatini chini ya vitenge vyangu vya kuvaa. Mwanza sikuwa na ndugu. Sikuwahi kufika. Na bega lilikuwa haliumi. Kila nilipojiuliza lini nitakwenda, moyo ulikuwa unanijibu baada ya Ramadhani, halafu baada ya mvua, halafu baada ya kuuza mzigo uliopo. Jirani nilimwonea haya. Nilikuwa najitazama mwenyewe kwa vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi, shingo imepindwa kama kuku.

Ndivyo wifi yangu alivyonikuta.

Siku hiyo alikuwa ameleta mawese mjini kwa mteja wake, mvua ikamkuta Buzebazeba. Nadhani ingekuwa mvua ndogo angeendelea kutembea. Ilikuwa kubwa. Nilisikia hodi uani, nikadhani ni jirani anayetaka moto, nikajibu karibu, pita ndani. Akapita. Nilimwona kwenye kioo kabla sijageuka, amesimama mlangoni mwa chumba, maji yanamtiririka kwenye kanga, macho yake yako kwenye kovu langu.

Nikamwamkia. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Kisha akauliza, "Hilo ni nini?"

Nikamweleza mpaka habari ya rufaa ya Mwanza, nikiwa bado nimejifunika kwa kitenge kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema huko Mwandiga waliambiwa tu kwamba nilikwenda Dar kumwona mtoto. Akauliza nani ananitazama. Nikasema hakuna.

"Geuka," alisema.

Mikono yake ilikuwa ya baridi kwa mvua na migumu kwa kazi ya shamba. Alianza pembezoni, akasogea taratibu kulifuata kovu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Karibu na mwisho wake, upande wa chini, kidole kikasimama.

"Hapa pana kitu."

Yalikuwa maneno yaleyale ya kaka yake, na sauti yao ilifanana kuliko nilivyowahi kugundua. Nikaanza kulia. Wifi hakunibembeleza. Aliketi kitandani akasubiri nimalize, kisha akaniuliza hiyo Mwanza inakwendwaje.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alijitolea kunisindikiza namna ile, bila hata kulala na kufikiri. Alinijibu kwa mkato kwamba mimi ni mke wa musaza wanje. Ndivyo mwanamke wa Kiha anavyomwita ndugu yake wa kiume. Alilisema kana kwamba miaka yote ile alikuwa akiliamini na mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa.

Tulipanda basi alfajiri. Alikuwa na galoni la mawese, mkungu wa ndizi, na kikapu cha mihogo ya kuchemsha na samaki wa migebuka wa kukaanga. Tulipopita Kasulu tukala mihogo ile, mara yetu ya kwanza kula pamoja, mimi na yeye mikono ikikutana kwenye kikapu. Alikuwa hajawahi kuvuka Kasulu maishani mwake. Kila mji uliopita aliuliza jina lake, akalirudia kwa sauti ndogo, kisha akatoa hukumu. Udongo wa Kibondo aliukubali. Kahama aliiona ina kelele.

Njiani alinisimulia mume wangu alivyokuwa mtoto. Nilikuwa nimeishi naye zaidi ya miaka ishirini, nikadhani namjua, kumbe sehemu yake nzima ilikuwa kwa dada yake. Alinieleza jinsi kaka yake alivyoifungua redio ya baba yao, baba akiwa ameenda mnadani, akaitandaza kipande kwa kipande juu ya jamvi. Wote walijua atachapwa. Baba aliporudi redio ilikuwa inaimba, na skrubu tatu zimebaki mkononi mwa mtoto, hakuna anayejua zilitoka wapi. Akaniambia pia kwamba siku yeye mwenyewe alipoolewa, kaka yake aliufuata msafara wa bibi harusi mpaka mtoni, akarudishwa kwa fimbo, akafuata tena.

Nilicheka mpaka bega likaniuma. Kisha, basi likipita kwenye mapori, yeye akasema akiwa anatazama nje:

"Mimi sikukasirika kwa ajili ya dini. Mungu ni wa wote. Nilitaka awe karibu, ili nikienda shambani niwe napita kumsalimia. Ujiji ni mbali kwa miguu yangu."

Nilimwambia tu kwamba sikulijua hilo. Akasema hakumwambia mtu.

Mwanza tulifikia kwa mwanamke wa Mwandiga aliyeolewa huko, ambaye wifi alimpata kupitia watu wa kanisani kwake. Galoni la mawese lilikuwa la mwenyeji huyo, na alilipokea kama aliyeletewa mtoto. Kesho yake tukaenda hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, watu wametoka Bukoba, Musoma, Shinyanga, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Wifi alishangaa kuona wagonjwa wengi hivyo. Alisema huko kwetu mtu mwenye ugonjwa kama wangu hudhani yuko peke yake.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Ugonjwa wangu aliuita kwa jina lake bila kusoma karatasi, na nilipoona hivyo mabega yangu yalishuka. Tangu yule wa Dar aondoke sikuwa nimekutana na mtu aliyekuwa anajua. Alinipapasa kwa mikono yote miwili, vidole vikasimama palepale kiliposimama kidole cha wifi. Akauliza nani alipagundua. Wifi akainua mkono kama mwanafunzi. Daktari akamwita asogee, akamwonyesha namna ya kupapasa kwa vidole viwili vya kati, kuanzia nje kuja ndani, na namna ya kutofautisha ugumu wa kovu na ugumu wa kitu kingine. Wifi alijifunza kwa makini mno, akibonyeza mgongo wangu kama anayechagua parachichi sokoni.

Walinipiga ganzi wakakata kipande kidogo cha nyama. Majibu tuliyasubiri kwa mwenyeji wetu, wifi akimsaidia kupika na mimi nikishinda barazani. Ndipo nilipogundua ninavyoipenda Kigoma. Nililitazama lile ziwa la Mwanza na mawe yake makubwa, zuri kabisa, na nikawa na kiu ya ziwa langu lenye kina, la rangi ya wino. Nilikumbuka soko la Mwanga la zamani, mabanda ya mabati, kina mama wa Kongo wakifungua marobota na sisi tukigombea vitenge vya maua mapya. Nilimkumbuka mume wangu akija kunichukua jioni, ananuka dizeli, anachagua kitenge kimoja kila mara na kuuliza kwa nini hiki nauza badala ya kuvaa. Nilikuwa nikimjibu kwamba tukivaa mtaji tutakula nini. Sasa nadhani vingine ningevivaa tu.

Siku ya majibu daktari alikuwa amekaa, kama yule wa Dar kabla ya neno zito, nami nikaelewa kabla hajasema. Ilikuwa imerudi. Alisema ni ndogo sana, bado iko juu juu, na kwamba imeonekana mapema. Nilimgeukia wifi nikaona midomo inamcheza, anasali.

Safari hii walikata kwa upana zaidi na kunitolea ngozi pajani ili kuziba. Nilipigwa nusu kaputi asubuhi. Wifi ananiambia niliamka nikimwita kaka yake kwa jina, mara nyingi, na wagonjwa wengine wakaanza kunitazama. Basi akaitika yeye, maana hapakuwa na mwingine wa kuitika. Akaitika tu, naam, nipo hapa, mpaka nikalala tena. Sikumbuki hata kidogo, lakini naamini, kwa sababu alinisimulia akiwa ameangalia pembeni.

Wodini alinifulia, akaninywesha uji, akagombana na mgonjwa wa kitanda cha jirani kuhusu feni. Paja ndilo lililoniuma kuliko bega. Jioni nilipoweza kukaa, alinisuka nywele taratibu, akiwa amesimama nyuma yangu, bila kunigusa bega. Siku hizo tuliongea juu ya kila kitu, hata harusi yangu. Akakiri kwamba pilau ya siku ile ilimnukia mlangoni pale mpaka ikamtoa machozi, lakini alikuwa ameshaapa.

Jibu la mwisho lilikuwa zuri. Kingo zote za kile walichokata zilikuwa safi. Daktari alirudia maneno karibu na yale ya mwenzake wa Dar, kwamba hatuachani. Lakini alituwekea mpango ambao tunaweza kuutimiza. Kila miezi sita tunakwenda Mwanza. Katikati, yule daktari kijana wa Kigoma ananitazama, anapiga picha ya kovu kwa simu na kumtumia bingwa, wanashauriana. Sasa kijana huyo si mgeni tena. Ameoa hapahapa mtaa wa Rusimbi na anachagua dagaa mwenyewe. Na mwisho wa kila mwezi wifi anakuja Buzebazeba, ananawa mikono kwa maji ya moto, ananiambia nigeuke. Akimaliza anasema kuna kitu au hakuna kitu. Mpaka sasa hakuna kitu. Kisha tunakula. Anapenda samaki wangu wa nazi, ingawa husema naweka nazi nyingi kama watu wa pwani.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda na kurudi, kiangazi na masika, mpaka barabara ikawa nzuri na makondakta wakatujua. Wifi amekuwa na marafiki wengi Mwanza kuliko mimi. Yule mwenyeji wetu amemtafutia wateja wa mawese, na kwenye foleni ya kliniki kuna mama wa Musoma ambaye yeye na wifi hushikiana nafasi.

Mwaka huu daktari alinipapasa, akanipima, akasoma karatasi zake, akatabasamu. Akasema sasa naweza kuja mara moja tu kwa mwaka. Mimi nilimshukuru Mungu palepale kitini. Wifi aliuliza kama daktari ana uhakika. Daktari akasema ndiyo, ni habari njema. Wifi akashukuru kwa adabu, lakini tulipotoka nje alikuwa amekunja uso, na tulipofika geti la hospitali akasimama.

"Sasa yule mama wa Musoma nitamwambia nini?" aliuliza. "Nimeshamwahidi mwezi wa kumi namletea mbegu za michikichi."

Nikamwambia mwezi wa kumi tutakuja kumtembelea, hata bila ugonjwa. Alifikiri kidogo, akasema basi tukate tiketi za viti vya mbele, maana vya nyuma vinamtikisa kiuno.